Mtoto Akisema "Yake ni Kubwa": Je, ni Uroho au ni Kudai Haki?



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mwenye kumruzuku kila kiumbe, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu wazazi na walezi, leo tunataka kulisema jambo ambalo wengi wataliona dogo. Ni jambo la sinia. Sinia limewekwa mkekani, watoto watano wamelizunguka, mboga ni kidogo, vipande vya nyama vinahesabika kwa macho. Mtoto wa miaka sita anatazama, anatazama tena, kisha anasema: "Mama, ya mwenzangu ni kubwa kuliko yangu." Na jibu analolipata katika nyumba nyingi ni moja kati ya matatu: kofi, au neno "mroho wewe", au kunyang'anywa hata kile kipande alicholalamikia ili ajifunze kushukuru.

Sisi tunaowasomesha watoto hawa madrasa tunasema wazi, na atakayechukia achukie: jibu hilo ni kosa, na ni kosa katika dini kabla ya kuwa kosa katika malezi.

Tuanze na neno lenyewe, uroho. Mroho ni yule anayetaka cha mwenzake juu ya chake, au anayejaza tumbo huku wenzake wakimtazama. Mtoto wa kwenye sinia letu hakufanya hivyo. Ameona vipande viwili, amevilinganisha, ameona tofauti, na amepeleka shauri lake kwa mwenye mamlaka, yaani mama mwenye mwiko. Angekuwa mroho angenyamaza, akangoja mama ageuke, akakidaka kile kikubwa. Na hao wanaodaka tunawajua, maana tunakaa nao kila siku baada ya alasiri. Wengi wao walikuwa watoto wa kusema. Walipopigwa mara tatu kwa kusema, mara ya nne hawakusema tena.

Mwaka 2015 jarida la kisayansi liitwalo Nature lilichapisha utafiti uliofanywa kwa jozi 866 za watoto wa umri wa miaka 4 hadi 15 katika nchi saba: Marekani, Kanada, Meksiko, Peru, India, Senegal na jirani zetu Uganda. Watoto wawili walikalishwa wakitazamana, wakawekewa vitamu, mara nyingine sawa kwa sawa na mara nyingine mmoja akiwekewa vingi na mwingine kimoja tu. Mmoja wao alipewa uwezo wa kuukubali mgao au kuukataa, na akiukataa wote wawili wanakosa. Matokeo yake ni haya: katika nchi zote saba watoto walifikia umri wa kuukataa mgao unaowapunja wao wenyewe, ingawa umri huo ulitofautiana baina ya nchi na nchi. Lakini kuukataa mgao unaompunja mwenzako, wewe ukiwa ndiye uliyepata kingi, hilo lilionekana katika nchi tatu tu, Marekani, Kanada na Uganda, na kwa watoto waliokwisha kukua kidogo.

Hatukuuleta utafiti huu kwa kuwa dini yetu inangoja kuthibitishwa kwa vitamu. Tumeuleta kwa sababu unawaonyesha wanaodharau kwamba lalamiko la mtoto wako hapo mkekani si tabia mbaya aliyoiokota kwa majirani. Mtoto wa Peru analo, wa Senegal analo, wa India analo. Sisi tunasema ni katika maumbile aliyomuumbia Allah (s.w.). Nusu ya uadilifu, ile ya kuhisi kwamba mimi nimepunjwa, mtoto hukua nayo hata asipofundishwa. Nusu ya pili, ya kuhisi kwamba mwenzangu kapunjwa na mimi ndiye nimezidishiwa, haiji kwa kila mtoto yenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya mzazi na ya mwalimu. Sasa mzazi anayeipiga kofi nusu ya kwanza, ataijengea wapi ile ya pili?

Kichwa kwa kichwa

Kwa msomaji aliye mbali nasi, Dzaleka ni kambi ya wakimbizi katika wilaya ya Dowa, kaskazini ya Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, kwa makadirio ya watu 10,000 hadi 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na lugha inayowakutanisha sokoni na msikitini ni hii ya Kiswahili. Maisha ya hapa yamejengwa juu ya mgao. Ilikuwa mahindi, maharage na mafuta, kisha mgao ukawa wa fedha, na kwa kukosekana fedha za wafadhili umepunguzwa zaidi ya mara moja. Lakini chakula au fedha, hesabu yake ni ya vichwa: nyumba ina watu wangapi, majina mangapi yamo katika orodha.

Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi Lilongwe na miji mingine warudi kambini. Watu waliokuwa na vibanda vyao na nyumba za kupanga mjini walirudi na magodoro. Walipokelewa na nani? Na ndugu. Nyumba ya watu watano ikawa ya watu kumi, sufuria ni lile lile. Hapo ndipo mambo ya sinia yalipozidi kuwa makali, kwa sababu sasa waliolizunguka si watoto wa tumbo moja. Yupo mtoto wa nyumba, yupo wa shangazi, yupo wa marehemu kaka, na yupo aliyeokotwa njiani wakati wa kukimbia ambaye hajulikani hata jina la baba yake.

Tunauliza swali. Mtu mzima wa kambi hii akikuta jina lake limerukwa katika orodha ya mgao, hufanya nini? Hupanga foleni toka alfajiri. Huuliza, na asipojibiwa huuliza tena. Hulinganisha: jirani ana watu wanne kapewa kadha, mimi nina sita nimepewa kadha wa kadha. Wapo wanaoapa kwamba watakwenda Lilongwe, wapande mpaka Capital Hill, wagonge milango ya wizara mmoja mmoja. Na wana haki, hakuna anayewaita waroho. Kisha baba huyo huyo anarudi nyumbani, mwanawe wa miaka sita anamuuliza swali lile lile juu ya kipande cha nyama, naye anampiga.

Na hapa tunagusa penye jeraha. Yule mtoto wa marehemu kaka, jina lake limo katika orodha. Mgao wa nyumba ulihesabiwa na yeye akiwamo. Unga wake umo katika lile sufuria. Basi anapopakuliwa tonge dogo la bugali na mchuzi usio na kitu, huku watoto wa nyumba wakipata usipa watatu watatu, tusidanganyane kwamba kapungukiwa hisani. Kapungukiwa haki yake. Naye mara nyingi ndiye asiyesema, kwa kuwa amekwisha kuambiwa kwamba hapa si kwao. Yule mtoto wa nyumba anayepiga kelele "si sawa" afadhali ana ujasiri. Huyu ananyamaza akala alichopewa, na sisi tunamkuta madrasa amelala juu ya msahafu.

Ndugu zetu, Qur'ani imewahi kuteremka kwa jambo la namna hii hii, sufuria la mlezi na sufuria la yatima. Ibn Abbas (r.a.) amesimulia kwamba ziliposhuka aya za kuwaonya wanaokula mali ya yatima, watu waliokuwa na mayatima majumbani waliingiwa na khofu, wakatenga chakula cha yatima mbali na chao na kinywaji chake mbali na chao. Kikibaki chakula cha yatima hawakukigusa, kikawekwa mpaka yeye akile au kioze. Jambo likawawia zito, wakamuuliza Mtume (s.a.w.), ndipo ikateremka aya ya 220 ya Suratul Baqara, ikiwaruhusu kuchanganya nao kwa kuwa ni ndugu zao, na kuwakumbusha kwamba Allah anamjua mharibifu na anamjua mtengenezaji. Tazama walivyokuwa! Wao waliogopa tonge la yatima hata wakaliacha lioze. Ruhusa ya kuchanganya sufuria ilikuja pamoja na onyo. Leo ruhusa imechukuliwa na wengi, onyo limeachwa jikoni.

Na tukitaka mfano wa mtoto wa kufikia kwenye sinia la mlezi wake, tunao katika nyumba bora kuliko zote. Umar bin Abi Salama (r.a.) alikuwa mtoto wa mama yetu Ummu Salama (r.a.) kwa mumewe wa kwanza, akalelewa na Mtume (s.a.w.). Yeye mwenyewe amesimulia, na hadithi imo katika Bukhari na Muslim, kwamba mkono wake ulikuwa ukizunguka huku na huku katika sahani. Mtume (s.a.w.) hakumpiga wala hakumtoa kwenye sahani. Alimfundisha mambo matatu: alitaje jina la Allah, ale kwa mkono wa kulia, na ale kile kilicho upande wake. Umar anasema tangu siku ile huo ndio ukawa ulaji wake. Wengi hulisomesha hilo la tatu kama adabu tu ya mezani. Lakini mwenye watoto sita na sinia moja anajua kwamba ni mpaka wa haki. Kila mtoto ana upande wake, na hata mwenye tonge kubwa na mkono mwepesi hana ruhusa ya kuuvuka. Na aliyeambiwa hivyo alikuwa mtoto wa kufikia, akila sahani moja na Mtume wa Allah.

Hoja za wanaopinga

Hoja ya kwanza tunayoisikia ni kwamba chakula hakipimwi, ukikipima baraka inaondoka. Wanaosema hivi wana dalili: mama yetu Aisha (r.a.) amesimulia kwamba baada ya kufariki Mtume (s.a.w.) alikuwa na shayiri kidogo rafuni, akaila muda mrefu, kisha akaipima, ikamalizika. Sawa. Lakini katika Bukhari hiyo hiyo imo hadithi ya Miqdam bin Ma'dikarib (r.a.) ambamo Mtume (s.a.w.) ameamrisha chakula kipimwe na akaahidi baraka kwa kupima huko. Wanachuoni, akiwamo Ibn Hajar, wamezikutanisha: penye haki ya mtu mwingine, kama katika kuuza na kununua, kupima kunatakiwa, kubaya ni kule kuchungulia ghala kwa ubakhili ili mtu ajue kimebaki kiasi gani asitoe. Basi tujiulize, sinia la watoto liko upande gani? Pana haki za watu watano pale. Mama anayegawa vipande vitano kwa watoto watano hajachungulia ghala la mtu.

Na wapo wasemao: tunataka watoto wetu wawe na moyo wa kutoa, wawape wenzao mbele kuliko nafsi zao, sio wakae kulinganisha vipande. Hapo hutuletea kisa cha yule Answari na mkewe waliompokea mgeni wa Mtume (s.a.w.) wakiwa hawana kitu ila chakula cha watoto, wakawalaza watoto, wakazima taa, wakajifanya wanakula ili mgeni ashibe, na Allah (s.w.) akawasifu katika Suratul Hashri. Ni kisa kitukufu, na tunakisomesha. Lakini anayekitumia kumnyima mtoto mwenye njaa amekisoma nusu. Imam Nawawi amekieleza kwamba watoto wale hawakuwa na haja ya chakula kile, bali walikitaka kama watoto wanavyotaka bila ya njaa ya kuwadhuru, kwani wangekuwa na haja ingekuwa wajibu kuwatanguliza wao. Waliolala na njaa usiku ule ni baba na mama. Kutoa ni kutoa chako. Baba anayempa mgeni paja la kuku na yeye akala ugali kwa mchuzi, huyo ametoa. Baba anayempa mgeni mgao wa mtoto wa kaka yake, na lake akalibakiza, ametoa nini?

Kuna hadithi moja ambayo tungependa ibandikwe jikoni mwa kila nyumba ya Kiislamu. Imo katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Sahl bin Sa'd (r.a.). Mtume (s.a.w.) aliletewa kinywaji, akanywa. Kuliani kwake alikuwapo kijana mdogo, kushotoni wazee. Zamu kwa sunna ni ya kulia. Mtume (s.a.w.) alimwomba kijana ruhusa awape wazee kwanza. Kijana akakataa, akaapa kwamba fungu lake litokalo kwa Mtume hampi mtu yeyote. Mtume (s.a.w.) akampa mkononi. Ni kweli kwamba kijana yule alikuwa anatafuta baraka ya pale palipogusa midomo ya Mtume (s.a.w.), wala hatusemi alipigania maziwa. Lakini tazama mwendo wa jambo. Mbora wa viumbe anaomba ruhusa kwa mtoto katika haki ya mtoto, anakataliwa mbele ya watu wazima, na anaitekeleza ile haki. Hakumwambia "huna adabu, unawakatalia wazee." Je, katika majumba yetu, nani amewahi kumwomba mtoto ruhusa kabla ya kuhamisha kipande chake kukiweka kwa mwingine?

Hoja nyingine husemwa kwa sauti ya uchungu, nasi hatuidharau: "Ustadhi, nyinyi mnazungumza habari ya vipande, sisi hatuna hata mboga." Tunajua. Tunaishi humu humu. Lakini ni pale chakula kinapokuwa kingi ndipo ugawaji haujalishi sana, kila mtu ataongeza. Kikiwa kidogo, namna ya kugawa ndiyo chakula chenyewe. Mama Aisha (r.a.) aliwahi kujiwa na mwanamke masikini mwenye mabinti wawili, akampa tende tatu. Mama yule akawapa mabinti moja moja, akaiinua ya tatu kuipeleka kinywani mwake, mabinti wakaitaka nayo. Akaipasua vipande viwili, akawapa. Tende moja! Angeweza kumpa mkubwa, au mdogo, au aliyelia zaidi. Aliipasua. Na Mtume (s.a.w.) alipohadithiwa, kama ilivyo katika Muslim, akasema kwamba Allah amemuwajibishia Pepo kwa tende hiyo.

Sawa si lazima kulingana

Hatusemi kila mtoto apewe gramu kwa gramu. Mtoto wa miaka miwili na wa miaka kumi na miwili hawali sawa. Mgonjwa hupewa yai ambalo wengine hawapati, mjamzito huongezewa, aliyechota maji toka asubuhi humegewa zaidi. Hayo ni uadilifu. Kinachomuumiza mtoto ni tofauti isiyo na sababu, au yenye sababu ambayo hakuna aliyemwambia. Mtoto wa miaka mitano ukimwambia "mwenzako anaumwa, daktari kasema ale yai," anaelewa. Huenda akanuna, lakini anaelewa, na kesho yeye ndiye atakayekukumbusha yai la mgonjwa.

Hasan bin Ali (r.a.) alipokuwa mdogo alichukua tende ya sadaka akaitia kinywani. Mtume (s.a.w.) akamtolesha, kwa kuwa jamaa zake hawali sadaka, na akamwambia sababu hiyo. Mtoto mdogo kabisa, mjukuu wake kipenzi, ananyimwa tende iliyokwisha kufika mdomoni, na bado anaelezwa. Sisi ni nani tusieleze?

Ikiwa sababu yako huwezi kuitamka mbele ya watoto, ichunguze. Firigisi, kwa mfano. Katika makabila yetu mengi firigisi ni ya baba, na hatusemi kwamba ni haramu. Baba hula firigisi yake kwa amani ikiwa kila mtu anajua kwamba ni heshima ya baba. Lakini "wasichana watakula ukoko kwa sababu ni wasichana," hilo jaribu kulitamka kwa sauti mbele ya binti aliyepika bugali lenyewe, aliyesonga mpaka mikono ikauma. Nu'man bin Bashir (r.a.) amesimulia kwamba baba yake alitaka kumpa yeye zawadi peke yake, akaenda kumshuhudisha Mtume (s.a.w.). Akaulizwa kama watoto wake wote amewapa mfano wake, akasema hapana. Mtume (s.a.w.) akamwamrisha amche Allah na afanye uadilifu baina ya watoto, na akakataa kushuhudia dhulma. Wanachuoni wamehitilafiana kama kusawazisha huko ni wajibu au ni sunna iliyotiliwa mkazo, na wamezungumza zaidi juu ya zawadi na mali. Lakini mtoto wa miaka sita hana shamba wala gari la kugawiwa. Mali anayoijua ni nyama.

Wapo pia wazazi wenye kanuni moja tu kwa kila ugomvi: "wewe mkubwa, mwachie mdogo." Mara moja ni wema. Mara mia moja, mkubwa anajifunza kwamba kuzaliwa mwanzo ni adhabu, na mdogo anajifunza kwamba kilio ni hoja. Suratu Yusuf inatusimulia ndugu waliosema kwamba Yusuf na ndugu yake wanapendwa na baba yao kuliko wao. Hatusemi kwamba Nabii Ya'qub (a.s.) alidhulumu, tunajikinga kwa Allah na kauli hiyo. Tunasema kwamba kile walichodhani tu kiliwafikisha kisimani. Basi vipi kwa mtoto asiyedhani, anayeona kwa macho yake kila jioni?

Tunachokifanya sisi

Madrasani tuna njia ambayo si yetu, ni ya zamani na inajulikana dunia nzima. Ikiwa kitu ni kimoja na watoto ni wawili, andazi au muwa, mmoja anakata na mwingine anachagua kwanza. Hutaona mtoto anayekata kwa uangalifu kama yule anayejua kwamba yeye ndiye atakayebakiwa na kitakachoachwa. Wakiwa wengi, mgawaji anachukua mwisho. Hilo nalo lina asili katika mwenendo wa Mtume (s.a.w.), ambaye amefundisha kwamba anayewanywesha watu ndiye wa mwisho kunywa, na alilitekeleza katika kisa cha Abu Hurayra (r.a.) na bakuli la maziwa. Abu Hurayra alikuwa na njaa kali, akatumwa kuwaita watu wa Suffa wote, na amekiri mwenyewe kwamba moyoni alisema maziwa haya yatawatosha nini watu wale, mimi ndiye niliyekuwa na haja nayo. Aliwanywesha wote, kisha akanywa yeye mpaka akakosa pa kuyatia, na Mtume (s.a.w.) akanywa wa mwisho. Sahaba mtu mzima alihisi alichohisi juu ya bakuli la maziwa, na hadithi imeihifadhi hisia hiyo bila ya kumtia aibu. Basi mtoto wako asihisi?

Tende nazo tunawafundisha wasichukue mbili mbili. Ibn Umar (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kula tende mbili kwa pamoja anapokula na wenzake ila kwa idhini yao. Hapa ndipo ile nusu ya pili inapofundishwa, kwa sababu katazo hili halimlindi mlaji, linamlinda aliyekaa pembeni yake. Mtoto akilalamika kwamba kapata kidogo tunahesabu mbele yake. Akiwa kweli kapunjwa, tunarekebisha na tunamshukuru kwa kusema. Akiwa hakupunjwa anaonyeshwa. Na akiwa yeye ndiye aliyezidishiwa, tunamuuliza: "Na huyu je, umeona chake?" Kwa kawaida hunyamaza kidogo. Wengine hurudisha wenyewe. Wengine hawarudishi siku hiyo, na hatuwapigi.

Ramadhani ijayo, in shaa Allah, futari ya watoto madrasani itagawiwa na watoto wenyewe kwa zamu, na wagawaji watakuwa wa miaka saba kwenda juu. Tunawaomba wazazi watakaokuja kuwachukua wabaki nje mpaka mgao uishe, wasiwaite watoto wao pembeni kuwaongezea, wala wasimkaripie atakayesema "si sawa." Na mwanao akirudi nyumbani na tende mbili badala ya tatu, muulize kwanza kama siku hiyo zamu ya kugawa ilikuwa yake.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu 'alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.